Nyumba Inayonyweshwa Maji

Garland, Jumamosi

Mwanangu Nekesa,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko kwa Mama Furaha, umekaa juu ya mto sakafuni, kichwa umekiinamisha, naye anakusuka huku akitazama mikanda yake ya kwaya. Nilipokushusha asubuhi aliniambia, "Papa Nekesa, usikuye mbele ya saa kumi na mbili. Nywele ya huyu mtoto iko mingi." Kwa hiyo nina siku nzima, meza ya jikoni, na kalamu ambayo mama yako aliitoa hospitali mfukoni mwa sare bila kujua. Yeye yuko zamu mpaka jioni.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha wateja. Kinajua kusema habari ya asubuhi, nyumba yako imeshuka inchi mbili upande wa gereji, tutamaliza Ijumaa. Hakijui kuomba msamaha. Wewe utasoma polepole, mdomo ukichezacheza kama unavyosoma kitabu cha nyimbo kanisani, na neno likikushinda utaniuliza. Ukitaka kuniuliza.

Sitakuandikia habari za sweta, pasipoti, wala namna ya kupika ugali kwa unga wa huko. Hayo mama yako ameyaandika kwenye karatasi ya manjano, pande zote mbili, na pembeni ameongeza mengine. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema sasa kabla mkono wangu haujapata ujanja.

Bahasha uliyoingoja mwaka jana kutoka kwa ile shule, kwenye mji wako wa majini, ilifika. Ilifika Alhamisi mvua ikinyesha. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini mapema, nami ndiye niliyefungua sanduku la barua. Niliificha. Kila uliponiuliza, "Any mail, Baba?" nikakujibu, "Hakuna, mama," nilikuwa nakudanganya. Ulipotaka kuwapigia simu nikakuambia mtu aliyekataliwa hapigi simu kuuliza sababu, ni kujiaibisha. Ukanisikiliza, kwa sababu mimi ni baba yako. Ukapoteza mwaka mzima, na mwaka huo niliuchukua mimi.

Sasa umejua. Ukitaka kuikunja barua hapa, ikunje. Ukiendelea, nitakueleza ilivyokuwa. Sitafuti kujipunguzia kosa. Ni kwamba kosa likisemwa nusu linakuwa uongo mwingine, na uongo nimeshachoka nao.

Nianzie kwenye nyumba hii, maana huko ndiko nilikojifunza karibu yote ninayoyajua, na nimejifunza nikiwa nimechelewa.

Ulikuwa na miaka sita tulipohamia. Nilikuwa bado nafanya kazi kiwandani, sijaanza hii ya kuinua misingi ya nyumba. Julai yetu ya kwanza hapa nikamwona mzee wa ng'ambo ya barabara amezungusha mpira wa maji wenye matundu kuizunguka nyumba yake yote, unavuja taratibu kwenye ardhi, hakuna ua wala nyanya pale. Nikamuuliza mama yako, "Huyu mzee anamwagilia nini?" Akasema, "Nimemuuliza. Anamwagilia nyumba." Nekesa, nilicheka mpaka nikakaa chini. Jumapili nikawasimulia watu kanisani: jamani, kwangu kuna mzungu anainywesha nyumba maji kama ng'ombe. Tukacheka wote, Wakenya kwa Wakongo.

Unajua kwa nini tulicheka? Kwetu Webuye maji ni adui wa nyumba. Ukijenga, jambo la kwanza unachimba mtaro maji ya mvua yapite mbali, yasije yakala ukuta. Ukikuta udongo mweusi wa pamba, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, unauchimba wote unautupa kabla ya kuweka jiwe. Hapa walijenga juu yake. Mji mzima wa Dallas na vitongoji vyake umelala juu ya udongo ambao baba yangu angeukimbia. Ukikauka unasinyaa, unaiachia nyumba, nayo inashuka upande mmoja. Ndiyo maana wanaunywesha, usisinyae. Mimi nikajiona mjanja kuliko wenye nchi. Bomba langu nikaliacha limefungwa.

Agosti mlango wa chumba chako ukaanza kukwama. Ulikuwa unausukuma kwa bega, huku unahema. Basi mimi, mtoto wa seremala, nikatoa randa niliyopewa na baba yangu, nikaupiga mlango juu na pembeni mpaka ukafunga vizuri. Nikajisifu. Mwezi uliofuata ukakwama tena, nikaupiga randa tena. Nyufa zikatokea juu ya madirisha, nikaziba kwa lipu, nikapaka rangi. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, mwanangu! Niliziba nyufa zote, moja baada ya nyingine, na bado ukuta nilikuja kuujenga. Wahenga walisahau kuniambia kwamba ufa una mama yake, na mama yake anakaa chini.

Ni yule mzee niliyemcheka aliyevuka barabara siku moja, akanikuta nimeulaza mlango wako kwenye magogo nje, maranda yamenijaa miguuni. Akautazama, akanitazama mimi. Akasema shida si mlango, ni udongo. Akaniazima mpira wake wa maji. Ndivyo nilivyoanza kuulizia habari za udongo, nikaingia kwenye kazi hii ya kuinua nyumba, na ndiyo iliyokulea. Lakini unakumbuka kilichotokea tulipoinua nyumba yetu wenyewe, tukairudisha sawa? Milango ya watu wengine ilipona. Wa kwako ulikuwa umeshakatwa sana. Nyumba iliponyooka, mlango ukabaki na pengo juu, vidole vitatu. Mlango haukuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Nyumba ndiyo iliyopinda, mimi nikaukata mlango ufanane na upotovu wa nyumba.

Mwaka jana nilikusikia ukilia kupitia pengo hilo. Nilikuwa nimesimama ukumbini na bahasha yako ilikuwa kwenye gari.

Ngoja nipumzike kidogo. Nimejichemshia chai.

Nimerudi. Sasa nataka kukukumbusha Missouri City, kule kando ya Houston, kwa sababu ni kule ulikonipa huo mji wako, na ningependa ujue kwamba niliupokea.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, likizo, tulipoteremka Houston kuinua nyumba ya mama yako mdogo, Mueni. Kona ya jikoni ilikuwa imeshuka hata yai ukiliweka mezani linakimbia. Nikachimba handaki chini ya zege, nikaingia kwa tumbo. Wewe ulikaa mdomoni mwa handaki juu ya ndoo iliyopinduliwa, kazi yako kunipitishia taa na pimamaji la kuonyesha kama nimeinua sawa. Ukachoka haraka, maana hukuumbiwa kupitisha vitu. Ukaleta kitabu cha maktaba chenye picha, ukaanza kunisomea, ukigeuza Kiingereza papo kwa papo.

"Baba, listen. Huu mji uko kwa maji. Like, katikati ya maji kabisa. Walichukua miti waka-i-pound kwa matope, mamilioni."

"Mamilioni? Nani alihesabu?"

"Baba! Just listen. Halafu juu ya miti wakaweka mawe, juu ya mawe wakajenga kanisa."

"Na miti haikuoza?"

Nikasikia kurasa zikigeuzwa. "It says haiozi. Kwa sababu iko ndani ya matope na hewa haifiki. It only rots ikitoka kwa maji."

Niliweka jeki chini. Nekesa, nilikuwa nimelala chini ya nyumba ya shemeji yangu, vumbi puani, na nikahisi kama mtu aliyesalimiwa na jamaa asiyemjua. Kumbe kuna mji mzima wa watu wenye shida yangu! Kumbe mamia ya miaka kabla sijazaliwa kulikuwa na mafundi wanaopigilia nguzo kwenye tope, wakiimba ili wapige kwa pamoja, na walijua jambo ambalo mimi nilimcheka mzungu kwa ajili yake: kwamba kuna vitu ambavyo maji ndiyo yanayovishikilia.

Wiki ile hukuacha. Ukinipitishia taa, unaniongezea habari. Kwamba waliouanzisha walikuwa wakimbizi wa vita, walikimbilia kwenye visiwa vya tope kwa sababu hakuna jeshi lingependa kuwafuata huko. (Uliporudi ukamweleza Mama Furaha, ambaye naye alikimbia vita kwao Kongo, akasimamisha kuchana nywele. "Bakimbizi? Na balijenga mu mayi? Basi sisi, Garland ni mbinguni.") Kwamba mji umezungukwa na maji pande zote na haukuwa na maji ya kunywa, kwa hiyo kila uwanja ulikuwa kama chujio, mvua inapita kwenye mchanga uliozikwa chini ya mawe na kuingia kisimani. Kwamba nyumba za wenye nazo zina milango miwili, mmoja wa kutokea kwa miguu na mmoja wa kutokea kwa mashua. Kwamba hakuna gurudumu: taka huchukuliwa kwa boti, mgonjwa kwa boti, hata maiti huenda makaburini kwa boti, na ukinunua jokofu linafika kwa boti kisha wanaume wanalibeba kwenye madaraja huku wakilaani. Kwamba bahari ikipanda king'ora kinalia, watu wanavaa mabuti, mbao za kupitia zinatandikwa barabarani, na mwenye duka anapandisha bidhaa rafu za juu, anaendelea kuuza. Hili ndilo lililonipendeza kuliko yote. Hawakimbii. Wanapandisha bidhaa.

Mueni alitusikia tukisemezana mle handakini akatuletea soda. Akasema hata Houston imeshuka, kuna mtaa upande wa bandari ambao watu walihama kabisa, bahari ikaingia sebuleni, kwa sababu viwanda vilinyonya maji ya chini ya ardhi mpaka ardhi ikakaa. Wewe ukaruka juu ya ndoo yako. "Hata huko walifanya hivyo! Same thing, Auntie! Walichimba visima vya viwanda, mji ukaanza kuzama, wakaacha." Ulifurahi kana kwamba umegundua miji hiyo miwili ni ndugu waliopotezana.

Halafu tukiwa njiani kurudi, kwenye ile barabara ndefu ya kuja Dallas, umekaa kiti cha mbele na pimamaji umelipakata kama mtoto lisigonge, ukanisimulia habari ya mafundi wa vioo. Nimeikumbuka habari hii mwaka mzima, usiku na mchana, kwa hiyo nitaiandika kama ulivyoisema.

"Walikuwa na kisiwa chao, Baba. Hakuna mtu duniani angeweza kutengeneza vioo kama wao. Walikuwa wanaheshimiwa sana, hata binti zao wangeolewa na watu wakubwa. Lakini hawangeweza kutoka. Ukitoka, wanatuma mtu akufuate."

"Akufuate akufanye nini?"

"Baba. What do you think?"

Nikasema, "Basi hao wakubwa walikuwa na roho mbaya."

Ukasema, "Si roho mbaya. I think waliogopa tu."

Umri wa miaka kumi na minne, na ulishanijua kuliko nilivyojijua.

Sasa Alhamisi ile. Nataka uone vizuri. Bahasha ilikuwa nene, jina lako limeandikwa kwa mkono, herufi zimelala upande, stempu tatu. Niliishika chini ya mvua nikajua ni nini. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hasira, wala gharama, wala ile hadithi niliyokuwa nakuambia kila Jumapili kwamba kasome unesi kama mama yako na Mueni, kazi iko, watu hawataacha kuugua. Kilichonijia ni baba yangu.

Sijawahi kukusimulia vizuri. Niliondoka Webuye nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilimwambia naenda miaka miwili. Alikuwa seremala mwenye randa moja tu nzuri, ya chuma, aliyoinunua kwa miaka ya jasho. Asubuhi ninaondoka aliifunga kwenye gazeti akanipa. Nikamwambia, "Baba, wewe utafanyia kazi nini?" Akasema, "Nitaazima." Hakusema lingine. Alifanya kazi na randa ya kuazima mpaka alipokufa, na alipokufa wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa, karatasi zangu za ukaazi hazijakamilika, ningetoka nisingeweza kurudi kwenu. Akazikwa bila mimi. Niliambiwa kwa simu, kwenye kibanda cha simu nje ya duka, na kadi ikaisha kabla ndugu yangu hajamaliza kunieleza nani aliweka udongo badala yangu.

Miaka miwili niliyomuahidi imefika ishirini. Basi nikiwa na bahasha yako mkononi nikawaza, mtoto huyu atasema miaka miwili. Mimi ndiye ninayejua miaka miwili ni mingapi. Nikaogopa utanifanyia nilichomfanyia baba yangu. Nikaiweka bahasha chini kabisa ya sanduku la vifaa, chini ya patasi, nikajiambia ni kwa wiki moja tu nifikiri.

Nekesa, uongo ni kama lile pengo la kwanza kati ya ardhi na nyumba. Mwanzoni ni jembamba, kadi ya simu tu ndiyo ingepita. Mwezi wa kwanza ningeweza kusema imechelewa posta. Mwezi wa pili ningeweza kulia kidogo nikasema nimekosa. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilikuwa inanidai nieleze jana yake. Ukaacha kuuliza kuhusu barua. Ukaenda Houston kwa Mueni, ukafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ukiwaogesha, ukiwalisha, na ukinipigia simu unanisimulia habari zao kwa upole ule ule uliokuwa ukinisomea handakini. Sikustahili simu hizo. Nilizipokea zote.

Nilizunguka na bahasha hiyo chini ya nyumba zaidi ya thelathini. Wateja walinisifu: fundi Barasa anaona hitilafu ambayo wengine hawaioni. Naweka mpira mdogo sakafuni, nauangalia unakobingirikia, nasema msingi umeshuka hapa. Kumbe nyumbani kwangu mpira ulikuwa unabingirika kila siku na nilikuwa nautazama tu.

Kisha wewe ukaomba tena nafasi ya shule, kimya kimya, na safari hii ukatumia anwani ya Mueni. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unakaa kule. Labda ulishuku. Sikuthubutu kuuliza, na sitauliza sasa, lakini siku Mueni aliponipigia akipiga vigelegele kwamba umekubaliwa kwenda kusomea ufundi wa kutengeneza majengo ya kale, nilikaa kwenye ngazi ya pickup nikalia, na wenzangu wa Meksiko wakadhani nimefiwa. Mmoja akanipa maji. Nilikuwa nalia kwa furaha na kwa aibu, na sikuweza kuvitenganisha.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako. Nilidhani atanisaidia namna ya kukuambia. Alikuwa anakunja nguo zako. Hakupiga kelele, na unajua mama yako asipopiga kelele inakuwaje. Akasema, "Barasa, hiyo mzigo ni yako. Usinipee nikushikie. Mwambie wewe mwenyewe, na umwambie kabla apande ndege, si baada." Kisha akaendelea kukunja. Amekunja nguo zako wiki nzima, zilizokunjwa anazikunjua.

Uliwahi kuniambia kwamba kwenye mji huo kuna simba wa mawe ukutani, midomo wazi, na zamani mtu aliyetaka kumshtaki mwenzake kwa serikali alikuwa anaandika barua na kuitumbukiza mdomoni mwa simba. Basi hii ni barua yangu ya simba. Nimemshtaki ninayemjua. Hukumu ni yako, na usiharakishe kwa sababu ya huruma. Wewe una huruma ya haraka, umeitoa kwa mama yako, na wakati mwingine huruma ya haraka ni lipu juu ya ufa.

Kama kuna neno la kubeba, ni hili dogo. Usiniahidi miaka miwili. Usiniahidi chochote. Rudi ukiwa na sababu ya kurudi, na usipokuwa nayo, kaa, mimi nitajifunza kupanda ndege. Nami nikifika huko nitakuwa na mambo ya kufanya, maana nimeziona picha: ile minara yenu imeinama kama watu wanaotoka kwenye pombe ya harusi. Ningependa nikaone kwa macho yangu nani anaitunza. Ningependa unipitishe kwenye mlango wa majini.

Na huko kazini kwako, siku ukikuta kitu kimekwama, usikimbilie randa. Uliza kwanza chini kuna nini. Mimi nilikuwa na mtoto aliyenyooka ndani ya nyumba iliyopinda kwa hofu yangu, nikataka kumkata yeye. Hukukatika. Ashukuriwe Mungu, hukukatika, na ninakupenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kukuambia kwa lugha yoyote.

Saa kumi na moja na nusu. Natakiwa nije kwa Mama Furaha.

Nilifikiri niitumbukize barua hii kwenye sanduku lako, chini ya masweta, uisome ukiwa umeshafika, mahali ambapo huwezi kunitazama. Nilikuwa nimeshafungua zipu. Kisha nikaona hiyo ingekuwa kuficha barua mara ya pili. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, tukiingia nyumbani, pamoja na bahasha yako ya mwaka jana. Ina doa la udongo kwenye kona, na haijafunguliwa. Sijui ilisema nini. Mwaka mzima nimeomba kwamba ndani yake walikuwa wamekukataa, ili niwe sijakuibia kitu. Ona baba alipofikia: kumwombea mtoto wake akataliwe. Ifungue wewe, au usiifungue. Ni yako tangu mwanzo.

Ndege ni kesho asubuhi. Mama yako amesema atakupeleka yeye ukitaka, au mimi, au sote watatu tubanane, unaamua wewe. Sitakuuliza. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimewasha pickup mbele ya nyumba. Kiti cha mbele nimekiondolea vifaa vyote na kukipangusa. Pimamaji tu nimeliacha, lile dogo linaloingia kwenye mkoba. Liko pale ulipokuwa ukilipakata.

Baba yako,
Barasa